Nenosiri ni sahihi, lakini kila POST kwenye DSpace inarudi 403

Skripti yako ya kupakia tasnifu kwenye DSpace 7 (programu ya hifadhi ya kidijitali ya machapisho) inasoma kila kitu bila shida. Maombi ya GET (ya kusoma) yanajibiwa, lakini ukituma POST (ya kuandika) unapata 403, yaani seva imekataa ombi. Hapo ndipo watu huanza kuchokonoa ruhusa za mikusanyo. Usiziguse bado. Soma kwanza ujumbe wa kosa wote: ukitaja CSRF (ulinzi dhidi ya maombi ya kughushi), ruhusa hazihusiki kabisa.

Kuanzia toleo la 7, kila ombi linalobadilisha data (POST, PUT, PATCH, DELETE) lazima libebe vitu viwili vinavyolingana: kidakuzi (cookie) DSPACE-XSRF-COOKIE na kichwa (header) X-XSRF-TOKEN, chenye tokeni, yaani msimbo wa siri. Kimoja kikikosekana, seva inakataa hata kama wewe ndiye msimamizi mkuu. Tokeni yenyewe hutoka kwenye jibu la seva, katika kichwa DSPACE-XSRF-TOKEN. Angalia vizuri: inakuja kwa jina moja, unairudisha kwa jina lingine. Kuchanganya majina hayo ni kosa la kawaida sana.

Ukishapata tokeni kwa GET ya kwanza na kuhifadhi kidakuzi katika kuki.txt, ingia hivi:

curl -i -b kuki.txt -c kuki.txt -H "X-XSRF-TOKEN: $TOKENI" --data-urlencode "user=$BARUA" --data-urlencode "password=$SIRI" https://SEVA/server/api/authn/login

Tumia --data-urlencode, si --data tupu, maana nenosiri lenye & au + litafika limekatika au limebadilika na utapata 401 (hujatambuliwa) usiyoielewa. Jibu likiwa 200 (umefaulu), chukua kichwa Authorization chenye Bearer (tokeni ya kuthibitisha kuwa umeingia) na ukitume katika maombi yote yanayofuata.

Mtego mkubwa uko hapa. Baada ya kuingia, seva hubadilisha tokeni ya CSRF na kukupa mpya katika jibu lilelile. Skripti iliyoshikilia ile ya zamani inafaulu kuingia, kisha inakwama kwenye POST ya pili. Kwa hiyo usisome tokeni mara moja tu mwanzoni. Kagua kila jibu. Ukikuta DSPACE-XSRF-TOKEN, tupa ya zamani papo hapo.

401 inayotokea katikati ya kazi ndefu ni jambo jingine: Bearer imeisha muda, ambao kwa kawaida ni dakika 30. Kabla haujaisha, tuma POST kwenye anwani ileile ya kuingia pamoja na Bearer uliyo nayo, utapewa mpya.

Na kama skripti inafanya kazi ila kwenye kivinjari watu hawawezi kuingia? Tazama proksi, yaani seva inayokaa mbele ya DSpace. Isipotuma X-Forwarded-Proto yenye thamani https, Tomcat (seva inayoendesha DSpace) inadhani mawasiliano ni http, na kidakuzi kinatoka bila alama ya Secure, kikiwa na SameSite=Lax, inayokizuia kutumwa kati ya tovuti tofauti. Kiolesura kikiwa kwenye kikoa tofauti na API (upande wa seva unaopokea maombi), kivinjari hakitakirudisha. Kwenye Apache ongeza RequestHeader set X-Forwarded-Proto https, kisha hakikisha dspace.server.url na dspace.ui.url katika local.cfg ni anwani zilezile watumiaji wanazoandika, kuanzia https.

Ukituomba tukukagulie, tutumie namba ya toleo, matokeo ya curl -i na mistari ya dspace.log ya dakika ileile. Futa nenosiri na Bearer kabla ya kutuma.