Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wenye ndege ndogo za zamani, Lubumbashi

Ndugu wanachama, jambo kwenu wote.

Mwaka huu ndege zetu zimeumia kwa kukaa kuliko kwa kuruka. Ukisoma kasoro ambazo mafundi wametuandikia, nyingi zina asili moja: maji, vumbi, nyigu, na petroli iliyolala tankini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya taarifa hii ni juu ya ndege iliyoegeshwa. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Ada inabaki ileile.

Nianze na injini, maana ndiko pesa zetu zinakomezwa. Ile desturi ya kuja hanga Jumamosi, kuwasha injini dakika kumi "ipate moto kidogo," kuzima na kufunga mlango, tuiache kabisa. Petroli ikiungua inazaa maji, na sehemu ya maji hayo hupita kwenye ringi za pistoni na kuingia katika oili. Ili yatoke kama mvuke, oili ifike karibu digrii 80 na ikae hapo kama nusu saa, jambo ambalo linapatikana angani tu. Dakika kumi chini zinaongeza maji na tindikali, halafu unaifungia injini pamoja nayo. Wenye injini za Lycoming wawe waangalifu zaidi: kamshafti yake, mhimili unaofungua valvu, iko juu ya kranki, oili yote huchuruzika kutoka kwake, na kutu ndogo juu ya kemu, yaani vinundu vya mhimili huo, huanza kula tapeti zinazosukumwa navyo. Kwenye injini za Continental O-300 za Cessna 172 za zamani kamshafti iko chini, inapata nafuu, lakini kuta za silinda zinashika kutu vilevile.

Ndege itakayokaa zaidi ya mwezi ihifadhiwe: badilisha oili uweke ya kuhifadhia, irushe ili oili hiyo izunguke ikiwa moto, nyunyizia ndani ya kila silinda, mahali pa buji za cheche weka buji za kukausha zenye chembe za silika, ziba ekzosi na bomba la kupumulia. Chembe zikitoka buluu na kuwa za waridi, zimeshiba unyevu, zibadilishwe. Kisha tundika kibao kwenye propela: USIZUNGUSHE. Kuizungusha kwa mkono kunafuta ile oili kidogo iliyobaki kwenye silinda, na pia magneto, kifaa cha kutoa cheche, yenye waya mbovu wa kuzimia inaweza kuwasha injini mkononi mwako.

Oili ya injini zisizo na filta, zenye chujio la wavu tu, ibadilishwe kila saa 25 za kuruka. Zenye filta kamili, kila saa 50. Miezi minne ikipita kabla saa hazijatimia, badilisha tu. Filta ikatwe na karatasi yake itandazwe juani. Punje zinazonaswa na sumaku ni chuma, na hizo ndizo za kukunyima usingizi.

Kipimo cha mgandamizo kifanywe injini ikiwa ya moto: hewa ya psi 80 (psi ni kipimo cha msukumo) inaingia kwenye silinda, geji ya pili inaonyesha kilichobaki. Wengi wanaandika namba na kuondoka. Namba peke yake haitoshi, tega sikio. Hewa ikivuma kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikivuma kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ikisikika pale unapojazia oili, ni ringi. Valvu ya ekzosi ndiyo ya kuogopa kwa sababu huungua upande mmoja hadi ikavunjika, wakati ringi zilizochoka zitakula oili kwanza na kukupa muda. Mtu mwenye nguvu ashike propela wakati wote, psi 80 juu ya pistoni si mchezo.

Buji za chini za silinda zinaendelea kuziba kwa madini ya risasi yaliyomo kwenye petroli. Injini hizi zilitengenezewa petroli ya ndege ya daraja la 80/87, yenye risasi isiyozidi gramu 0.14 kwa lita. Petroli ya ndege ya buluu, 100LL, inaruhusiwa kufika gramu 0.56, mara nne. Punguza petroli kwenye mchanganyiko wa petroli na hewa unapotembea chini, safisha buji, weka pengo kati ya milimita 0.41 na 0.53, zile za chini zipande juu na za juu zishuke, na kila moja ipate gasketi mpya ya shaba.

Mchanganyiko huo ni muhimu kwetu kwa sababu nyingine pia. Luano, uwanja wetu wa ndege, iko mita 1,300 hivi juu ya bahari. Siku ya Oktoba yenye digrii 30, hewa ya uwanja ni nyepesi kama ya mita 2,100, na injini ya nguvu za farasi 145 inakutolea karibu 115. Anayeondoka petroli ikiwa imefunguliwa yote kwenye mchanganyiko anajinyima hata hizo. Njia ya kurukia ya Luano ni ndefu, inasamehe. Viwanja vya vijijini havisamehi.

Wapo wanaobisha kwamba barafu ya kabureta ni habari za Ulaya. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta, joto hushuka zaidi ya digrii 20. Asubuhi ya Januari hapa, digrii 20 nje na hewa imejaa maji, ndiyo hali yake hasa. Dalili ni mizunguko ya injini kushuka polepole bila mkono wako. Vuta joto la kabureta lote, yaani kishikio cha kuingizia hewa ya moto, usivute nusu. Injini itakohoa kidogo maji yakipita. Usiogope ukalirudisha.

Sasa petroli yenyewe. Gasketi za vifuniko vya tanki hukauka na kupasuka, mvua ya usiku mmoja inaingia. Sampuli isiyo na rangi isikudanganye, kikombe kinaweza kuwa maji matupu. Ukishuku kwamba mafuta ya jeti yamechanganyika, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli ya ndege hukauka na kutoweka, ya jeti huacha doa la grisi. Wenye kibali cha kutumia petroli ya gari wapime pombe: maji kidogo kwenye chupa yenye mistari, petroli juu yake, tikisa, acha itulie. Maji yakionekana kuongezeka, pombe imo, na hiyo petroli isiingie tankini.

Nyigu wa matope hujenga kwenye tundu la kupumulia tanki na kwenye tundu la pito, bomba la kupimia mwendo. Pito ikiziba utaona kipima mwendo kimekufa. Tundu la tanki likiziba, injini ndiyo inayokufa. Vifuniko vyenye utepe mwekundu viwekwe kila jioni, hata kama kesho unaruka.

Kwa wenye ndege za kitambaa: poliesta haiozi kama pamba ya zamani, bali jua linaiua. Kinachoizuia ni tabaka la rangi ya fedha, lenye unga wa aluminiamu. Lijaribu usiku: ingiza taa ndani ya bawa, zima za hanga. Palipo na mwanga unaopenya, tabaka ni jembamba. Kukaza kitambaa kunafanywa kwa pasi kwa hatua, digrii 121, kisha 149, mwisho 177. Ukizidisha hapo kinalegea na hakirudi. Pasi ipimwe kwa kipimajoto, namba za kitufe hazina ukweli, na umeme ukikatika katikati ya kazi upime upya. (Pasi ya makaa tuwaachie washonaji.) Dopu, rangi ya kukazia na kulinda kitambaa, isipakwe wakati wa mvua: kiyeyusho kikiruka hupoza uso, unyevu unatua juu yake, rangi inageuka nyeupe kama chokaa na nguvu inapungua. Kazi hiyo ni ya kiangazi, kuanzia saa 4 baridi ikiisha, sakafu ikiwa imemwagiwa maji kutuliza vumbi.

Kabla ya kufunika kwa kitambaa, gonga mabomba ya fremu ya chini ya mkia kwa kitu chenye ncha. Ndege za gurudumu la nyuma zimekalia mkia, maji yote yanakimbilia huko, na vitundu vya kutolea maji mara nyingi vimezibwa na rangi. Kebo za usukani zipanguswe kwa kitambaa hasa zinapopita kwenye puli. Kikinasa, kuna uzi uliokatika. Reli za viti vya Cessna zikaguliwe pia. Tundu la reli likishakuwa na umbo la yai, pini ya kiti inapanda, kiti kinarudi nyuma wakati wa kuruka, na rubani anakuja nacho akivuta usukani.

Ukaguzi wa mwaka tuufanye Agosti na Septemba, kabla ya mvua. Kila kazi itiwe saini na fundi mwenye leseni, hata ile mwenye ndege anayoiweza mwenyewe. Vipuri kutoka Afrika Kusini vitaagizwa kwa pamoja na vitapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Andika namba ya kipuri kutoka katalogi na namba ya utengenezaji ya ndege, kwa maana mwaka wa ndege peke yake haumwambii muuzaji ni kipuri kipi. Orodha zimfikie katibu kabla Mei haijaisha. Itakayochelewa itangoja shehena inayofuata.