Asante mzee wangu uliyeiamsha Land Rover ya baba
Jamani naomba nimshukuru yule mzee tuliyekutana sokoni Majengo hapa Dodoma, jina sikukuuliza mzee wangu na inaniuma mpaka leo. Land Rover ya marehemu baba, Series III ya petroli, ilikua imelala uani Nkuhungu tangu 2009, mafundi wawili walishaniambia uza skrepa. Wewe ulivyokuja hukugusa hata stata, ukasema injini imekwama, tukilazimisha tutaharibu ringi za pistoni, ukafungua plagi zote 4 ukamwagia oili kidogo kila silinda tukaiacha siku 2, afu ukazungusha na hendeli taratiiibu mpaka ikaachia, nilivyosikia imeachia nilitetemeka. Petroli ya zamani tukamwaga yote (ilikua inanuka kama rangi), kabureta ukasafisha, pointi za kuwashia moto wa plagi ukapiga msasa, betri nikaazima kwa jirani.

Mara ya tatu ikawaka! Moshi ulijaa uani, mama akatoka jikoni analia, anasema huo ndo mlio wa baba yenu akirudi kutoka Kondoa.

Na hela ukakataa, umekunywa maji tu. Mungu akuzidishie mzee wangu, ukipita tena Nkuhungu piga hodi, mama anakuulizia kila siku.