Jina la kanga lisahihishwe kabla ya kuchapwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala yenu kuhusu namna watu wanavyodhihirisha mawazo na tabia zao. Mwandishi alitaja hotuba, mavazi na maandishi ya daladala, lakini kanga akaisahau. Mwanamke aliyechoshwa na jirani hahitaji kugombana. Hujifunga kanga yenye jina, yaani msemo uliochapwa juu yake, "Hasidi hana sababu", akapita mlangoni kwa mwenzake na ndoo yake, na salamu zimefika.

Kinachonikera ni makosa ya herufi. Mwezi uliopita nilimpelekea mama mkwe doti moja yenye jina "Wema hauozi". Walau ndivyo nilivyodhani. Alipoikunjua tukakuta imeandikwa "Wema hauosi". Aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza ni nini hicho kisichooshwa. Kanga nyingi huchapwa nje, India hasa, na mchapaji asiyejua Kiswahili hawezi kuliona kosa kama hilo.

Nashauri waagizaji wapitishe majina ya kanga zao BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, kabla ya kuyatuma kiwandani. Baraza hilo tayari hutoa ithibati ya lugha kwa vitabu. Maneno manne matano ya kanga hayatalichukua hata robo saa.

Msomaji wenu,
Tanga