Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wafugaji wa Kobe Wakubwa

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Hesabu atawasomea mweka hazina, na katibu anayo orodha ya vibali vilivyokwisha muda. Aliyemo ashughulike wiki hii. Muda wangu nautoa kwa afya ya kobe wenyewe, hasa chakula, maana ndicho kilichotuumizia wengi mwaka huu.

Daktari wa mifugo kila tulipomwita hakukuta maradhi ya ajabu. Alikuta kobe wanaharisha, na mbele yao vipande vya boflo, ugali wa jana na maganda ya embe. Najua tunawapa kwa mapenzi. Lakini tumbo la kobe huyu limeumbwa kuchachusha majani taratibu, na vijidudu vinavyomsaidia kazi hiyo huvurugika akijazwa sukari na wanga. Wale wanne wa mwanzo walioletwa kisiwa cha Changuu, hapa karibu na Unguja, mwaka 1919, zawadi kutoka Shelisheli, asili yao ni visiwa vya Aldabra huko huko Shelisheli, na huko kobe hula nyasi fupi zilizotambaa chini, wanazozikata wenyewe hadi zikawa kama zulia. Basi mpeni ukoka, mwingi, kila siku. Matembele na majani ya mforosadi yanafaa kuongezea. Mchicha usiwe wa kila siku, kwa kuwa huzuia madini ya mifupa yasifike mwilini. Na maganda meupe ya dome, yule wa jamii ya ngisi, tunayapita pwani kila tukishuka: yaokoteni, yasuuzeni chumvi, myaache uani. Kobe atayatafuna mwenyewe apate madini hayo.

Wapo wanaonitajia Jonathan wa St. Helena, kobe aliyefikishwa kisiwani kule mwaka 1882, kwamba yeye hulishwa matunda kwa mkono. Ni kweli. Lakini alianza kulishwa hivyo baada ya kupofuka na mdomo wake kushindwa kukata nyasi, na daktari akisimamia. Ile ilikuwa tiba ya mzee mgonjwa.

La pili limenikuta nyumbani kwangu. Kobe wangu, Bi Mkubwa, alionekana na uzi wa kiroba unaning'inia nyuma, kijani, kama shibiri moja. Kijana wangu alishaushika auvute. Daktari akatukataza kwa simu: uzi ukivutwa hukunja utumbo na kuukata. Tukaukata karibu na mwili, tukamwacha alale dimbwini kila asubuhi, na siku ya nne ukatoka wote, umejiviringa ndani ya choo kilichojaa nyasi. Tangu hapo viroba vya majani navifungulia nje ya ua, nanyi nawaomba mfanye hivyo hivyo.

Kiangazi hiki kila ua uwe na kivuli cha kumtosha kobe mzima, si kichwa tu. Jua analihitaji asubuhi, lakini saa saba mchana bila kivuli linaweza kumuua, hata kwao Aldabra. Dimbwi liwe la kina kifupi; mtamwona anaweka pua majini na kunywa kwa pua. Watoto wa kobe msiwaweke kwenye saruji kavu siku nzima, maana gamba lao litaota vichuguu visivyorudi tena.

Kuhusu kutoboa gamba ili kupitisha kamba, kamati haitavumilia. Gamba ni mfupa hai, una damu na hisia, na mbavu na uti wa mgongo vimeshikamana nalo. Mwenye kobe anayetoroka ainue ukuta. Ukuta uwe mnyoofu, usio na ngazi ya mawe, kwani akipanda na kupinduka chali uzito wa matumbo hulalia mapafu, na akiwa juani hana muda mrefu.

Mizani ya magunia tumeahidiwa kuazimwa. Kobe huficha ugonjwa, na kupungua uzito ndiko hututangulia kutuambia. Tutapita nyumba kwa nyumba asubuhi mapema, kabla hawajanywa, kwa sababu kobe mkubwa akishiba maji hesabu hupotoka. Kila nyumba iandae vijana wanne wa kunyanyua na ubao mpana.