Ulaini wa kashmiri dukani si kipimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno juu ya makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu nguo za kashmiri, zile zinazofumwa kwa manyoya laini ya mbuzi. Mwandishi aliwashauri wanunuzi waguse tu: iliyo laini kuliko zote ndiyo bora. Kazi yangu mimi ni kuziba matundu ya sweta na kufuma upya viwiko vilivyolika, na hizo laini kuliko zote ndizo zinazofika mezani kwangu mapema.

Aliandika pia kwamba mbuzi hao "hunyolewa sufu kama kondoo". Mbuzi wa kashmiri ana vazi la juu na la ndani. Juu ni singa ngumu za kukinga upepo na theluji. Chini yake, karibu na ngozi, huota malaika, yaani vinyweleo laini vya kumsitiri na baridi. Siku zinapoanza kurefuka malaika hayo hujiachia yenyewe, na hapo wafugaji wa Mongolia na wa Mongolia ya Ndani, kule China, humlaza mbuzi ubavu wakamchana kwa chanuo la meno marefu ya chuma. Iran na Afghanistan wapo wanaonyoa, ni kweli, lakini ukinyoa singa hutoka nyingi pamoja na malaika, na kazi ya kuzitenga inazidi.

Kutenga huko ndiko kunakoamua hatima ya nguo, na makala haikukugusa hata kwa mstari mmoja. Manyoya yakishachambuliwa kwa rangi (meupe hutafutwa zaidi, maana hupokea rangi yoyote) na kuoshwa mafuta na vumbi, hupitishwa kwenye mashine ya magurudumu yenye meno madogo madogo. Singa ni nzito, hurushwa nje. Malaika ni mepesi, hubaki yameng'ang'ania. Hupitishwa tena na tena, na kila mara kuna nyuzi zinazokatika. Mbuzi mmoja hutoa kama gramu 150 hadi 200 za malaika safi kwa mwaka, ndiyo maana sweta moja huweza kula mbuzi wawili hata wanne. Sheria ya Marekani inataka unene wa wastani wa nyuzi usizidi mikroni 19 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa binadamu ni kama 70. Kuhusu urefu wa nyuzi haisemi kitu, na urefu ndio unaonipa mimi riziki. Nyuzi ndefu zikisokotwa hushikana. Fupi hutokeza vichwa, zikasuguana kwapani na pale mkoba unapoegemea, zikajiviringa kuwa vinundu, na siku moja pakawa tundu.

Sasa huo ulaini wa dukani. Sweta ikitoka tu kufumwa huwa kavu mkononi, tena ina mafuta ya kusokotea. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikivurugwa hadi malaika yainuke. Ukizidisha dakika chache, hata uzi hafifu huwa kama kifaranga wa jana. Mnunuzi anapewa siku ya kwanza ulaini ambao nguo ya uzi mzuri huutoa polepole, kadiri inavyovaliwa na kufuliwa.

Nguvu ya maji naijua. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifua sweta ya mteja kwa maji ya moto, nikaisugua kama shuka. Ilitoka imeshikamana kama zulia, mikono yake inamtosha mtoto wa chekechea. Niliilipa.

Kwa hiyo anayenunua asiishie kugusa. Avute upindo kidogo na kuachia, aone kama unarudi mahali pake. Aiinue kwenye mwanga: ikiwa vishimo vimeachana kama chujio, uzi ulibaniwa. Aisugue kwa kiganja mara kumi. Vumbi la nyuzi likianza kujikusanya, airudishe rafuni hata kama inabembeleza shavu. Na kile kipande cha uzi wa akiba kinachofungwa kwenye lebo asikitupe. Nina kopo zima la vipande vya uzi wa kijivu mezani, na juzi hakuna hata kimoja kilicholingana na kiwiko nilicholetewa.

Mtia viraka,
Msomaji wenu wa siku nyingi