Shukrani kwa mama wa Kagunga

Mama, jina lako sikulijua. Mei 2015 tulikimbia Burundi tukajazana ufukweni kwenu Kagunga, kijiji cha Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika, maelfu kwa maelfu, kipindupindu kikatuingilia. Mwanangu alilegea, macho yakazama. Ulikuja na sufuria ya maji uliyoyachemsha, ukatia chumvi na sukari, ukamnywesha kijiko kwa kijiko hadi alfajiri, na kuni zenyewe zilikuwa za shida. Hukuniuliza kabila wala chama. Tulipopakiwa mitumbwini kuifuata meli ya Liemba iliyotupeleka Kigoma, ulinifunga kanga yako juu ya yangu iliyolowa. Kwa msukumano ule hata kukuaga sikuweza.

Mtoto yu hai, mama, sasa ananipita kimo. Asante sana. Mungu akuzidishie wewe na wanao. Anayemfahamu, tafadhali amfikishie salamu hizi.