Shoga, ukifika Kilwa

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku Dar hatujambo, twamshukuru Mungu. Ama baada ya salamu, nimefurahi kusikia kwamba mwezi ujao unawapeleka wanafunzi wako Kilwa Kisiwani. Umeniuliza nani aliyafukua yale magofu. Nakujibu kwa kirefu, maana jambo lenyewe liko moyoni mwangu siku nyingi.

Sheria ya kulinda majengo ya kale Waingereza waliitunga 1937, ila Idara ya Mambo ya Kale yenyewe ilikuja 1957, Uhuru umeshapiga hodi. Mkuu wake wa kwanza, Neville Chittick, alianza kuchimba Kilwa mwaka uliofuata. Vichaka vikafyekwa, kuta zikafukuliwa, na leo twatembea ndani ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati.

Nisichokubali ni maelezo yao. Chittick aliwapa wahamiaji wa ng'ambo nafasi kubwa mno katika kuujenga mji, wazee wetu wakawekwa pembeni. Halafu miaka ya 1980 wachimbaji wengine wakaenda Shanga, mji wa kale kule visiwa vya Lamu. Chini ya msikiti wa mawe wakakuta misikiti ya miti, mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa wa karne ya 8. Yaani mji huo ulikua palepale, kizazi baada ya kizazi, haukuletwa na wageni. Wanafunzi wako walisikie hilo kabla hawajapanda boti.

Pale Husuni wapeleke kwenye birika la pembe nane, waone mawe ya matumbawe yalivyochongwa. Kisha waeleze habari za sarafu za shaba za Sultani huyo: upande mmoja jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na maneno ya pande zote mbili yanaishia kwa kina kimoja. Pesa ya kwendea sokoni, imetungwa kama shairi! Moja ilipatikana kwenye magofu ya mji wa kale wa Great Zimbabwe, mbali kote kule bara.

Ukikutana na wazee wa kisiwani, waulize nani walifanya kibarua wakati wa uchimbaji. Majina hayo nayataka sana, niandikie hata kama ni mawili tu.

Chukueni maji ya kutosha, jua la Husuni ni kali. Nisalimie shemeji na watoto.

Wasalaam,
Shogayo